Kifua cha Mwanamume na Kosa la Lugha

Maradhi hayasomi matangazo wala hayasikilizi hotuba. Hayajui kwamba watu wamekubaliana kuyaita ya wanawake au ya wanaume, ya wazee au ya watoto. Huingia katika mwili palipo na nyama ya kuyapokea, na ikiwa nyama hiyo imo kwa mwanamume, basi humwingia mwanamume kama yamwingiavyo mwanamke. Jambo hili ni jepesi kulielewa. Walakini katika habari ya saratani ya matiti limekataliwa kwa muda mrefu, si kwa hoja, bali kwa mazoea ya usemi. Mazoea ya usemi yakidumu huvaa joho la ukweli, na mtu ayapingaye huonekana mjinga au mzushi. Insha hii imekusudiwa kulivua joho hilo.

Chukua tangazo la Kiswahili juu ya ugonjwa huu, liwe limebandikwa katika ukuta wa zahanati au limesomwa katika redio mwezi wa Oktoba. Aghalabu litaanza kwa kumwita mama. Litamwambia mama ajichunguze, litamhimiza binti asione haya, litamkumbusha dada kwamba kuwahi ni kupona. Maneno hayo ni mema, na kila mtu mwenye mke, dada au binti ana deni la shukrani kwa waliyoyaandika. Lakini baba, kaka na mwana wako wapi? Wakitajwa, hutajwa kama watu wa kumsindikiza mgonjwa hospitali, wa kumlipia nauli na kumfariji. Kwamba msindikizaji naye ana kifua, na ndani ya kifua hicho mna nyama ya titi, na nyama hiyo huweza kuota saratani, hilo halisemwi. Mwanamume asomaye tangazo kama hilo huondoka ameelimika juu ya mwili wa mkewe na amebaki mjinga juu ya mwili wake mwenyewe.

Ajabu ni kwamba kosa hili halikuletwa na sarufi. Ziko lugha ambazo humlazimisha msemaji kuchagua baina ya mwanamume na mwanamke kabla hajamaliza sentensi; Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu ni miongoni mwazo. Mwandishi wa lugha hizo akimtaja mgonjwa kwa kiwakilishi, hana budi kumvika suruali au gauni. Kiswahili hakimo katika kundi hilo. Mtu akiugua, akipona au akifa, kiambishi chake ni kile kile kimoja. Yeye ni yeye, awe mume au mke. Tangazo likisema kwamba mwenye uvimbe katika titi amwone daktari upesi, limekwisha kuwaita binadamu wote bila kumbagua hata mmoja. Ili mwanamume atolewe nje ya sentensi hiyo, mwandishi alipaswa kuongeza neno lisilohitajiwa. Lugha ilifungua mlango, na mwandishi akaufunga kwa mkono wake.

Itasemwa kwamba mwandishi hakuongeza neno, bali alifuata maana ya neno titi lenyewe. Dai hili lina sura ya haki, kwa hiyo na lipimwe. Katika mazungumzo ya kila siku, mwanamke ana matiti na mwanamume ana kifua. Chuchu zake mbili huhesabiwa kama pambo lililosahauliwa na Muumba. Neno la zamani la kiungo hiki ni ziwa, na wingi wake, maziwa, ni jina la kinywaji cha mtoto mchanga. Si ajabu, basi, watu wakadhani kwamba pasipo maziwa hapana titi. Lakini lugha hutaja vitu kwa kazi zake zionekanazo, na tabibu hana budi kuvijua kwa maumbile yake yasiyoonekana. Mvulana na msichana huzaliwa na vifua vya namna moja. Nyuma ya kila chuchu ipo nyama laini yenye mirija midogo, kwa mmoja kama kwa mwenziwe. Wakifikia kubalehe, homoni za msichana huikuza mirija hiyo na kuiongezea vifuko vya kutengeneza maziwa. Za mvulana huiacha ilivyo. Iliachwa, haikuondolewa. Saratani nyingi za titi la mwanamume huanza humo humo mirijani, mahali inapoanza saratani nyingi za titi la mwanamke.

Wapo waliojaribu kulikwepa neno. Husema kwamba mwanamume akiambiwa ana saratani ya titi ataaibika, na kwa hiyo ugonjwa wake uitwe saratani ya kifua. Shauri hilo limetolewa kwa huruma, lakini ni huruma ipotezayo njia. Katika Kiswahili, mtu aumwaye kifua ni mtu akohoaye. Kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu. Na mwenye kubanwa na kifua hupewa dawa ya pumu. Mwambie mgonjwa kwamba ana saratani ya kifua, naye atakwenda nyumbani akiamini kwamba mapafu yake yameoza, na jamaa zake watamuuliza alianza lini kuvuta sigara. Kaka yake hatajua kupapasa chuchu yake mwenyewe, wala binti yake hatajua kwamba ugonjwa wa baba unamhusu. Jina la kusitiri aibu limesitiri na ugonjwa pia. Waswahili walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo humsamehe aliyeyaficha kwa adabu.

Sasa zije hesabu, kwa sababu wapinzani hupenda kuzikimbilia. Shirika la Afya Duniani limetoa hesabu ya mwaka 2022 kwamba wanawake 2,300,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti duniani, na watu 670,000 walikufa kwayo. Wanaume ni kadiri ya mmoja, au pungufu kidogo, katika kila wagonjwa 100. Nchini Uingereza hugunduliwa wanaume wapatao 400 kila mwaka. Kwa Marekani, chama cha saratani cha nchi hiyo kilikadiria kwamba mwaka 2024 wanaume 2,790 wangegunduliwa na 530 wangekufa. Katika nchi kadhaa za Afrika zilizo kusini ya Sahara, orodha za hospitali zimewahi kuonyesha sehemu kubwa zaidi ya mmoja katika mia. Orodha ya hospitali si hesabu ya taifa, wala haifai kunyoshwa kupita urefu wake; lakini haimpi Mwafrika ruhusa ya kusema kwamba jambo hili ni la Wazungu.

Hapo ndipo asemapo mpinzani wa kwanza: mmoja katika mia ni kitu gani? Mbona wino umwagike kwa ajili yake? Jibu ni kwamba uhaba wa ugonjwa hupimwa na atazamaye kutoka nje. Kwa aliyenao, ugonjwa wake ni mmoja katika mmoja. Na hata hesabu yenyewe si ndogo kama inavyosikika, kwa kuwa mmoja katika kila mia ya watu 2,300,000 ni watu 23,000, nao wangetosha kuujaza mji. Tena, ugonjwa uliozoeleka una walinzi wengi: jirani huujua, bibi huujua, mwalimu huujua. Ugonjwa wa nadra hauna mlinzi ila elimu. Kwa hiyo uchache wa wagonjwa ni sababu ya kusema, si sababu ya kunyamaza; na sentensi moja iliyoongezwa katika karatasi iliyokwisha kulipiwa chapa haimgharimu mtu kitu.

Wala haidaiwi hapa kwamba kila mwanamume apigwe picha ya matiti kila mwaka kama wanavyoshauriwa wanawake wa umri fulani katika nchi zenye uwezo. Madaktari hawashauri hivyo kwa wanaume wote, na mtu asimzulie mwenziwe hoja ili apate kuibomoa. Linalodaiwa ni dogo: mwanamume ajue kwamba ugonjwa upo, ajue dalili zake, na ajue kwamba akizipata hana ruhusa ya kungoja. Uvimbe mgumu, aghalabu usiouma, nyuma ya chuchu au kando yake. Chuchu iliyoanza kuzama ndani. Majimaji au damu itokayo katika chuchu. Ngozi iliyojikunja au kufanya kidonda. Tezi lililovimba kwapani. Dalili ni hizo. Si kila uvimbe ni saratani. Vijana wanaobalehe na wazee huweza kuvimba matiti pasipo saratani yo yote, na dawa kadhaa huleta hali hiyo. Lakini kutenganisha hili na lile ni kazi ya daktari, si ya kinyozi wala ya mwenye ugonjwa mbele ya kioo.

Kuna kejeli chungu katika jambo hili. Mwanamume ana nyama kidogo ya titi, kwa hiyo uvimbe wake ungepaswa kuonekana mapema kuliko wa mwanamke. Mkono hauna mahali pa kupotea. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya uchache wa nyama, uvimbe huo haukawii kuifikia ngozi, chuchu na misuli ya kifua. Ugonjwa ulio rahisi kuguswa hugunduliwa ukiwa umekwisha kukomaa, kwa kuwa mkono uliougusa haukuwa na jina la kuupa. Mwaka 2019 lilichapishwa Marekani chunguzo la wagonjwa zaidi ya 1,800,000 walioandikwa kati ya 2004 na 2014, na miongoni mwao wanaume walikuwa 16,025. Ilipotimia miaka 5 tangu kugunduliwa, katika kila wanawake 100 walikuwa hai 86.4, na katika kila wanaume 100 walikuwa hai 77.6. Wachunguzi walieleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo kwa hali ya ugonjwa na kwa tiba iliyotolewa, ingawa si yote. Aliyechelewa kujua huchelewa kutibiwa, na aliyechelewa kutibiwa huiacha nafasi yake mlangoni.

Mpinzani wa pili huja na silaha nzito zaidi. Husema kwamba wanawake walipigana peke yao mpaka ugonjwa huu ukapewa mwezi wake na utepe wake. Kwamba mwezi huo ulianzishwa Marekani mwaka 1985 na utepe wa rangi ya waridi ukaenea tangu 1992. Na kwamba sasa wanaume, ambao wamezoea kukalia kila kiti, wanataka na hiki. Mtu asilicheke neno hilo, maana lina historia nyuma yake. Lakini hoja hii ingekuwa na nguvu kama maarifa yangekuwa mkate, ambao ukimkatia mmoja humpungukia mwingine. Maarifa ni moto wa kuazimana. Jirani akichukua kaa, jiko la mwenyewe halipoi.

Zaidi ya hayo, mwanamume akijua ugonjwa wake huwaokoa wanawake. Mwaka 1994 na mwaka 1995 wataalamu walizigundua jeni mbili ziitwazo BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiharibika humzidishia mtu hatari ya saratani. Mwanamume mwenye kasoro ya BRCA2 hukadiriwa kuwa na hatari ya kuugua saratani ya titi maishani mwake kiasi cha 7 katika 100, nayo ni mara nyingi kuliko ya mwanamume mwingine. Kasoro hiyo haitoki kwa mama peke yake. Baba huweza kumrithisha kila mtoto, wa kiume au wa kike, kwa bahati ya nusu kwa nusu. Binti aulizwaye hospitali juu ya mama yake, shangazi yake na bibi yake, asiulizwe juu ya baba yake, ameulizwa nusu ya ukoo. Baba aliyekufa kwa ugonjwa uliositiriwa amewaachia binti zake nyumba, shamba na hatari, na katika vitu hivyo vitatu hawakuambiwa ila viwili.

Mifano ya wanaume waliosema haikosekani. Edward Brooke wa Massachusetts, aliyechaguliwa mwaka 1966 akawa Mwamerika Mweusi wa kwanza kuingia katika Seneti kwa kura za wananchi, aligunduliwa kuwa na saratani ya titi mwaka 2002. Alikatwa matiti yote mawili, na mwaka uliofuata, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, aliyaeleza hayo hadharani ili wanaume wengine waonywe. Alikufa mwaka 2015 akiwa na miaka 95. Richard Roundtree, mwigizaji wa filamu ya Shaft ya mwaka 1971, ambaye kwa watazamaji wengi alikuwa sanamu ya uanaume wenyewe, aligunduliwa mwaka 1993. Hakuitangaza habari hiyo mara moja. Baadaye aliisema, akaishi miaka 30 tangu kugunduliwa, hata alipokufa mwaka 2023 kwa saratani nyingine ya kongosho. Mathew Knowles, baba wa mwimbaji Beyoncé, alitangaza ugonjwa wake mwezi wa Oktoba 2019. Damu iliyotia madoa katika shati ndiyo iliyomshtua, na kipimo kikaonyesha kasoro ya BRCA2, jambo ambalo binti zake walihitaji kulijua. Hakuna hata mmoja katika watatu hawa aliyepungukiwa na uanaume kwa kusema. Kama kuna kilichopungua, ni ujinga wa waliowasikiliza.

Wala ugonjwa huu si mgeni. Katika hati ya kale ya tiba ya Misri, iliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo na iitwayo kwa jina la Edwin Smith aliyeinunua, kisa cha 45 kinaeleza uvimbe uliotokeza katika kifua cha mtu. Wataalamu wengi wameudhania kuwa saratani ya titi, na mgonjwa ametajwa kwa umbo la kiume. Tabibu yule alimaliza kwa kuandika kwamba tiba haipo. Leo tiba ipo: upasuaji, mionzi na dawa. Katika saratani kumi za titi la mwanamume, kama tisa hulishwa na homoni ya estrojeni, na kwa hiyo dawa ya tamoksifeni huzifaa. Mmisri yule alisema kweli kwa zama zake. Mwanamume wa leo ajifichaye hujirudisha mwenyewe katika zama hizo kwa miguu yake.

Mpinzani wa tatu hasemi katika mikutano. Husema ndani ya kichwa cha mgonjwa. Yeye ni heshima ya kiume. Mvulana hufundishwa mapema kwamba maumivu hayasemwi, na kwamba jambo lililo la wanawake humtia doa. Basi akipapasa uvimbe husema ni pigo la mpira, au ni jipu, au ni mafuta. Akipata ujasiri wa kwenda hospitali, huweza kukuta benchi lililojaa akina mama na fomu imwulizayo siku zake za hedhi na idadi ya mimba zake. Fomu ile nayo ni maandishi; iliandikwa na mtu asiyemfikiria, na mgonjwa huisoma kama hukumu kwamba amekosea mlango. Hata majaribio ya dawa kwa miaka mingi yaliandikiwa wanawake tu, mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotoa mwongozo mwaka 2020 kwamba wanaume wasiachwe nje yake. Uanaume usioweza kustahimili neno titi ni uanaume dhaifu kweli kweli, na si haki kumwita mtu shujaa kwa kuwa amekufa kwa kuogopa neno.

Lawama ya mwisho ni ya wasomi wa lugha, na kwao ndiyo iliyo kubwa kupita zote. Wao hubishana kwa bidii juu ya ngeli, juu ya asili ya neno hili na tahajia ya neno lile. Huweza kueleza kwamba saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, na kwamba Wayunani nao waliuita ugonjwa huu kaa. Elimu hiyo ni nzuri. Lakini karatasi za afya, ambazo husomwa na watu wengi kuliko diwani yo yote na riwaya yo yote, huachiwa mfasiri wa haraka, ambaye huchukua kiwakilishi cha kike cha lugha nyingine na kukigeuza kuwa mama. Msomi huipita karatasi hiyo ukutani kila siku, na jicho lake linaloona kosa la herufi moja katika utenzi halioni kosa la nusu ya binadamu. Akiulizwa, hujibu kwamba hayo ni ya waganga. Sivyo. Ugonjwa ni wa waganga. Sentensi ni yake.

Na dawa ya sentensi haihitaji hospitali. Palipoandikwa mwanamke pasipo lazima, paandikwe mtu. Palipoandikwa mama ajichunguze, paongezwe na baba. Kamusi zifasirizo titi zitaje kwamba kiungo hiki ni cha binadamu wa jinsi zote, ingawa hukua kwa mmoja na kudumaa kwa mwingine. Fomu za hospitali ziwe na nafasi kwa mgonjwa asiye na hedhi wala mimba. Muuguzi amwulizaye binti habari za ukoo aulize na upande wa baba. Mwalimu wa Kiswahili atoaye zoezi la kufasiri achague, walau mara moja, karatasi ya afya badala ya hekaya ya sungura, na awaonyeshe wanafunzi wake jinsi kiambishi kidogo kinavyoweza kumwingiza mtu au kumtoa. Mambo hayo yakifanywa, mwanamke hatapungukiwa na neno hata moja, na mwanamume ataongezewa lile moja alilonyimwa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huu ulianza katika midomo na katika kalamu, na kalamu ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono wa kuung'oa. Haihitaji bajeti wala sheria ya Bunge. Inahitaji mwandishi akumbuke, kabla hajaanza sentensi yake ijayo juu ya ugonjwa huu, kwamba katika Kiswahili mgonjwa ni mgonjwa, na kwamba lugha iliyompa neno lisilobagua haikukusudia alibague.